Honi inayojipigia na chaja zinazokufa

SWALI: Ami, assalamu alaykum na shikamoo. Mimi ni mpima viwanja, Chake Chake. Natembelea Boxer 150, na siku za kazi natoka asubuhi kwenda Micheweni, Konde, mara nyengine mpaka Makangale, narudi alasiri. Nabeba simu yenye ramani na kile kidude cha GPS cha mkononi cha kazini. Mambo mawili yamenishinda. Kaka yangu aliniletea kutoka Dubai mkoba wa sumaku wa kuweka juu ya tangi. Mzuri, lakini nikikata usukani kushoto mpaka mwisho, honi inapiga yenyewe. Ijumaa iliyopita imepiga nje ya msikiti, watu wamo ndani wanasali. Nilitamani ardhi inimeze. La pili ni chaja ya simu. Nimeshafunga tatu mwaka huu, zote zimekufa, ya mwisho haikumaliza wiki. Fundi kaniungia kwenye waya wa taa kubwa, kwa sababu betri yangu imekufa tangu Shaabani na naiwasha pikipiki kwa kiki. Ninunue chaja ya ghali zaidi? Na mkoba niuache?

JIBU: Waalaykumu salaam, marahaba mwanangu. Usinunue chaja nyengine, ya ghali wala ya rahisi. Hizo tatu hazikuwa na kosa. Zimeuawa na hiyo maiti unayotembea nayo chini ya siti tangu Shaabani.

Injini haitoi umeme uliotulia. Koili zake zinatoa mkondo geu, wa kwenda na kurudi, na kadiri unavyovuta mafuta ndivyo nguvu yake inavyopanda. Rektifaya inaunyoosha na kuupunguza, kisha betri inaupokea na kuutuliza, mfano wa pipa chini ya mfereji: maji yakija kwa kishindo, pipa linameza, na wewe unachota kwa kata. Ondoa pipa, yatakurukia usoni. Ndivyo chaja yako inavyorukiwa kila ukipanda mlima, na Pemba milima ndiyo nchi yenyewe.

Halafu fundi wako kaongeza chumvi kwenye donda. Katika pikipiki nyingi ndogo, waya wa taa kubwa haupiti kwenye betri kabisa, unatoka kwenye koili moja kwa moja. Utaona mwenyewe usiku: injini ikizunguka polepole, taa inafifia, ukivuta mafuta, inang'aa. Taa haijali mkondo geu. Chaja ya simu imetengenezwa kula mkondo mnyofu wa betri, na huo mwengine unaichoma kwa ndani bila hata kutoa moshi.

Kwa hivyo kwanza betri. Ukishaiweka, chukua mita upime penye ncha zake. Injini imezimwa, utaona volti 12 na nusu hivi. Injini inazunguka na umevuta mafuta kidogo, iwe baina ya 13 na nusu na 14 na nusu. Ikipita 15, rektifaya imeshakwenda. Usifunge kitu chochote mpaka uibadilishe, au utanunua betri nyengine kabla ya Mfunguo Tatu.

Sasa waya, na hapa naomba unisikilize kwa sababu nimeshaungua. Mimi niliwahi kuvuta waya mwembamba wa spika kutoka kwenye betri mpaka kwenye usukani, bila ya fyuzi, nikaupitisha shingoni mwa pikipiki, pale panapogeuka. Ulikaa miezi na mimi najiona fundi. Siku moja natoka Konde nakwenda Makangale, nimeshaingia msitu wa Ngezi, nasikia harufu ya mpira. Nikajiambia kuna mtu anachoma tairi. Ndani ya Ngezi, nani achome tairi? Kutazama chini, moshi unatoka baina ya magoti yangu, na tangi nimelijaza Konde sasa hivi.

Nilipofungua niliona kitu kidogo kama ukucha: gamba la waya limesagika pale shingoni, kila kona niliyokata lilikuwa likijisugua kwenye chuma, mpaka shaba ikagusa bodi. Kutoka hapo kurudi kwenye betri waya wote umeyeyuka, umegandana na wa indiketa. Fyuzi ya ampea 3 ingekatika kabla pua yangu haijajua lolote.

Basi fyuzi iwekwe upande wa chanya, isizidi shubiri moja kutoka kwenye betri. Ukiiweka kule mbele karibu na chaja, inailinda chaja na kuuacha waya wote wa nyuma uchi. Uvishe waya bomba laini la plastiki, na shingoni uuachie ulegevu wa kutosha usukani kugeuka pande zote mbili bila ya kuuvuta. Maungio yabanwe na kufunikwa vizuri, kisha upake vaselini. Upepo wetu wa chumvi unaigeuza shaba kijani kabla ya mwaka kwisha.

Na chaja yenyewe iamke kwa ufunguo. Mwambie fundi atafute waya unaopata umeme wa betri ufunguo ukifunguliwa tu, autumie huo. Chaja iliyoungwa kwenye betri moja kwa moja inakula hata kama hukuchomeka simu. Ikila miliampea 20 tu, kwa siku ni karibu nusu ampea-saa, na betri ya ampea-saa 5 itakauka ndani ya siku kumi ukiwa umelala na homa.

Baada ya yote hayo, nakuuliza: kweli unahitaji waya? Pawabenki ya miliampea-saa 10,000 ina kama wati-saa 37. Toa zinazopotea njiani, tuseme zinabaki 28. Simu yenye ramani na kioo kikiwaka, ukiihesabia wati 4, inakwenda saa saba. Wewe saa saba za kuwa juu ya pikipiki kwa siku huna. Na kutoka Chake mpaka Konde huhitaji setilaiti hata moja, barabara inakupeleka yenyewe. Zima kioo, uwashe unapoacha lami. Ramani ipakue kabisa nyumbani, maana GPS haitaki bando. Inataka mbingu tu, na ndani ya Ngezi hata mbingu ni ya kubahatisha. Kidude chako cha kazini, kama ni cha betri mbili za tochi, kipe mbili mpya za akiba na usikihangaikie. Mimi ningefunga betri mpya kwa ajili ya pikipiki, na simu ningeiachia pawabenki.

Hapo ndipo mkoba unapopata kazi. Simu usiifunge kwenye usukani. Mwaka 2021 Apple waliwatahadharisha wenye iPhone kwamba mtetemo wa injini za pikipiki unaweza kuharibu kamera. Mkoba ni godoro, unaumeza mtetemo. Ila ule mfuko wa plastiki wa juu, jua la mchana likiingia, unakuwa tanuri. iPhone imetengenezwa kutumika kwenye joto lisilozidi nyuzi 35, na chini ya plastiki hiyo utazipita bila ya kujua. Iweke humo unapoitazama, kisha irejeshe ndani. Pawabenki ikae chini kabisa, izungushiwe kitambaa.

Mkoba wako ni mkubwa kwa Boxer, ndiyo kisa cha honi. Ukikata kushoto, mkono wa kushoto wa usukani, wenye honi, unarudi nyuma na mkoba unaibonyeza. Honi ni aibu tu, mwanangu. Mimi naogopa wa kulia. Ukikata kulia, mkono wa mafuta ndio unaorudi, na mkoba ukiukamata wakati unageuza penye mtaro, pikipiki itaondoka na wewe. Mkoba wa lita tano mpaka saba unakutosha. Kabla ya kuwasha, kata usukani mpaka mwisho pande zote. Mkoba usiguse kitu.

Sumaku si mbaya, tangi la Boxer ni chuma, linashika. Lakini chini yake pakiingia mchanga ni msasa. Rafiki yangu alitoka pwani ya Vumawimbi na tangi limechorwa kama mkeka. Ukiuondoa kutia mafuta, usiuweke chini, uning'inize kwenye kioo. Kadi ya benki yenye mstari mweusi usiitie humo. Na ukiona mshale wa ramani unazunguka kama kishada kilichokatika uzi, ujue sumaku inaichezea dira ya simu. Ukianza kwenda utajinyoosha, kwa sababu hapo simu inaujua upande kwa mwendo wako.

Kama ni mimi, ningempelekea fundi wa siti hapo Chake turubai zito, anishonee mkoba mdogo wa mikanda: mmoja uzunguke shingo ya pikipiki, miwili ishuke chini ya siti. Mpe na kipande cha nailoni akutolee koti la mvua, masika huingia hata penye zipu nzuri. Mpaka ushonwe, Ijumaa ukifika msikitini teremka, uisukume.