Umeacha chuo na unataka kujitegemea kwenye IT hapa Arusha? Soma hii kwanza

Mwaka huu madogo kama wanne wamenifuata kwa nyakati tofauti wakiuliza swali lile lile, kaka we uliacha chuo ukaanzaje kazi zako mwenyewe. Nikaona bora niandike vizuri mara moja kuliko kuelezea vipande vipande barabarani.

Mi niliacha mwaka wa pili, 2016, mzee aliugua na ada ikakata. Sikuacha kwa sababu nilijiona najua kuliko walimu. Naliweka hili mbele kabisa maana machalii wengi wamesikia Bill Gates aliacha Harvard 1975 basi wanaona ndo njia yenyewe, hawaangalii kwamba yule alikuwa anaandika programu tangu sekondari. Kama ada ipo, dogo maliza chuo. Na kama ulichukua mkopo wa Bodi, kuacha chuo hakufuti deni, nenda kaulize salio lako mapema. Haya mengine namwandikia yule ambaye imeshatokea, yuko nyumbani Kwa Mrombo au Pasua kule Moshi, ana laptopu yake, anajua vitu kadhaa na anataka watu wamlipe kwa anachokijua.

Kuna jambo lilinichukua karibu miaka mitatu kulielewa. Cheti kazi yake kubwa ni kukudhamini. Mtu asiyekujua anakuachia kompyuta yenye hesabu zake zote, pasiwedi zake, pasipoti za wageni wake, kwa sababu kuna chuo kimesaini nyuma yako. We huna hiyo sahihi. Ujuzi unaweza ukawa nao hata kuwazidi, lakini mteja hana namna ya kuuona siku ya kwanza. Kwa hiyo lazima utengeneze dhamana yako mwenyewe, na yangu mimi imekuwa karatasi. Naandika nitakachofanya kabla sijagusa kitu, naandika nilichofanya nikimaliza, na mteja anabaki na nakala. Basi. Karibu kila kitu nilichopoteza kilipotea siku ambayo sikuandika.

Nilianzia steshenari moja Ngarenaro, kutoa kopi, kuskani vyeti, kuwajazia watu fomu za ajira mtandaoni, na kompyuta za watu zikiletwa naangalia. Elfu kumi ya kupiga windo, yaani kuweka Windows upya, elfu tano kutoa virusi. Usidharau sehemu kama hiyo, pale unajifunza kuongea na mtu ambaye amekasirika na mashine yake na hajui kueleza tatizo ni nini, na hicho chuo hakikufundishi.

Sasa nikuambie kosa langu kubwa. 2017 mwalimu mkuu wa shule moja binafsi upande wa Moshi aliniletea kompyuta ya ofisi, nzito mno, inawaka dakika kumi. Nikamwambia mama hii tunapiga windo upya itakuwa kama mpya. Nikafanya bakapu kama nilivyozoea, nikachukua yaliyoko desktopu, nikachukua folda ya dokumenti, nikachukua picha, nikafuta diski. Kesho yake ananipigia simu, sauti ya chini kabisa, "Baba, matokeo ya watoto siyaoni." Kumbe karani alikuwa ametengeneza folda inaitwa MATOKEO moja kwa moja kwenye diski C, haiko desktopu haiko dokumenti, na mle kulikuwa na alama za muhula mzima za madarasa yote. Nikajaribu programu za kurudisha mafaili, lakini nilishaandika windo mpya juu yake, zikarudi faili chache tena zimeharibika hazifunguki.

Nilipanda Coaster asubuhi nikaenda. Nikamsalimia, shikamoo mama, akaitikia, nikamwambia hili ni kosa langu, karatasi za alama za walimu zipo? Zilikuwepo kabatini. Nikakaa pale siku tatu, karani ananisomea mi naandika, jina, somo, alama, jina, somo, alama, kuanzia saa mbili mpaka jioni, na sikuchukua hata nauli. Yule mama bado ni mteja wangu mpaka leo, na ndo alinipeleka kwenye shule nyingine mbili.

Tangu siku ile sifuti diski ya mtu. Kama ni mashine ya ofisi nachomoa diski ya zamani, naweka SSD mpya, ile diski ya kisasa yenye kasi, ile ya zamani naifunga kwenye bahasha naandika jina na tarehe namrudishia mwenyewe aitunze miezi miwili kabla ya kufanya chochote. Kama hela ya SSD haipo basi nakopi diski nzima kwenye haddiski ya nje kisha tunakaa na mwenye mashine anafungua faili zake anazotumia kila siku moja moja, barua, hesabu, picha, kila anachokikumbuka, anaona zipo, anasaini. Dakika ishirini tu. Na umuulize hivi, "nionyeshe unavyofungua kazi zako," usimuulize "vitu vyako viko wapi," maana wengi hawajui viko wapi wanajua tu wanavyovifungua.

Hela. Hapa ndo wengi wanafia. Mi kuna loji moja njia ya Usa River waliniita niwawekee waifai mabanda yote, nikanunua kebo, swichi na akses pointi za kurusha waifai kwa hela yangu mwenyewe na nyingine nimekopa, nikafunga kazi siku nne, kisha malipo yakawa njoo wiki ijayo mpaka leo. Laki nne na themanini. Sikuwa na mkataba, sikuwa hata na kotesheni iliyosainiwa, kila kitu tuliongea kwa simu na kwa kuaminiana. Sasa hivi hela ya vifaa anatoa mteja kabla sijaenda dukani, risiti za vifaa naziweka kwa jina lake, ya ufundi nachukua nusu mwanzo nusu nikikabidhi. Akikataa nusu ya mwanzo namshukuru naondoka. Mwanzoni utaona kama unafukuza riziki, lakini atakayesumbua kwenye advansi atasumbua zaidi mwishoni.

Halafu ujue mji wako. Arusha ni mji wa watalii, hela inafuata misimu. Kuanzia Juni mpaka Oktoba na tena Desemba watu wanalipa, ila wako bize hawataki uzime mtandao hata saa moja. Aprili na Mei mvua za masika kambi nyingi zinafungwa, wanakuita ufanye marekebisho maana wageni hawapo, lakini hela nayo haipo. Kwa hiyo kazi za masika mkubaliane Februari wakati akaunti zao bado zina kitu. Na usiwe na wateja wa utalii peke yake kama nilivyokuwa mimi 2020, Aprili ndege za abiria wa nje zikasimamishwa, hata zilivyofunguliwa Mei tarehe 18 wageni hawakuja, kati ya wateja wangu saba sita walikuwa kampuni za safari na wote wakanyamaza mwezi mmoja. Nilikaa ndani nahesabu unga. Baada ya hapo ndo nikaanza kutafuta mashule, zahanati, SACCOS, maduka ya hadwea pale Kilombero hapa mjini. Wanalipa kidogo kidogo lakini wapo mwaka mzima.

Kazi ambayo mtu wa peke yako unaweza kuifanya vizuri na ikakupa jina ni ile ambayo mteja anapoteza hela na hajui kwa nini. Nitoe mfano wa barua pepe maana naukuta kila mara. Ofisi moja ya safari Sakina, dada wa mauzo anaandika kotesheni nzuri za Serengeti na Ngorongoro, anatuma Marekani, anatuma Ujerumani, kimya. Wakawa wanamlaumu dada bei zake ni kubwa. Nikamwambia dada nitumie mimi moja kwenye Gmail yangu. Ikaingia spamu. Nikafungua taarifa za ndani za ile barua, SPF imefeli, yaani ile orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lao. Nikaenda kuangalia rekodi za DNS, ile mipangilio ya domeni yao (jina lao la mtandaoni), nikakuta SPF mbili, moja ya hostingi ya zamani, kampuni iliyokuwa inawatunzia tovuti na barua, ya pili ya Google aliiongeza mtu walipohamia huko. Domeni inatakiwa kuwa na rekodi moja tu ya SPF, zikiwa mbili anayepokea anaona ni kosa, hakubali hata moja. Nikaziunganisha kuwa mstari mmoja, v=spf1 include:_spf.google.com kisha ile IP ya seva ya tovuti maana fomu ya maombi inatuma barua kutoka hapo, kisha ~all. Nikawasha DKIM, sahihi ya kidijitali ya barua, ambayo hawakuwa nayo kabisa, nikaweka DMARC ya kuanzia, maelekezo ya kumwambia anayepokea afanye nini barua ikifeli, ile p=none ya kuangalia tu. Na tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza zaidi, hasa kwa wanaotuma barua nyingi, hivyo hii kazi haitaisha leo wala kesho.

Kubadilisha zile rekodi ni nusu saa. Lakini nilikaa tena na yule dada nikamwandikia ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha kawaida, tatizo lilikuwa hili, nimebadilisha hiki na hiki, mkihama hostingi msiguse mstari huu kabla hamjaniuliza mimi au mtu mwingine wa IT. Bosi wao alisoma ule ukurasa na ndo akaelewa analipia nini. Pia akaacha kumlaumu dada wa watu, jambo ambalo mimi lilinifurahisha kuliko malipo.

Vitu vya kusoma vipo na vingi ni bure, Cisco wana kozi za NetAcad, MikroTik wanaotengeneza rauta wana maelezo yao marefu mtandaoni, anza na mtandao kabla ya vitu vya fasheni. Ukijua vizuri anwani za IP, zile namba ambazo kila kifaa kinapewa kwenye mtandao, zinavyogawiwa tu utaokoa mkutano mzima. Niliitwa hoteli moja siku ya pili ya kongamano, waifai inakubali pasiwedi lakini intaneti hakuna kwa nusu ya watu, wameshawasha na kuzima rauta mara tano. Rauta ilikuwa na anwani 100 tu za kugawa na kila simu iliyoshika anwani inakaa nayo siku tatu hata mwenyewe akiwa ameshaondoka. Waliokuja siku ya kwanza wamezimaliza zote. Nikapunguza muda ukawa saa moja, nikaongeza wigo wa anwani, watu wakaingia. Hicho ni kitu cha wiki za mwanzo kwenye masomo ya netiweki, kwa hiyo usiruke misingi kwa sababu hakuna mwalimu wa kukutungia mtihani.

Makaratasi ya serikali usiyaogope na usiyakimbie. TIN ni bure, unahitaji namba ya NIDA. Jina la biashara BRELA unasajili kwa mtandao bila kwenda Dar. Leseni unaenda halmashauri. Mashule makubwa na mashirika hawakupi kazi bila hivyo, na watataka risiti ya EFD, kaa na ofisa wa TRA akuambie kwa mapato yako unatakiwa nini, wanaelekeza vizuri ukienda mapema kabla hujafuatwa. Halafu taasisi ikikulipa huduma ya kitaalamu itakata asilimia 5 ya malipo kama kodi ya zuio. Usigombane nao, dai cheti cha zuio, ile hela inahesabika kwenye kodi yako ya mwaka. Mwaka wangu wa kwanza sikudai hata kimoja.

Na zile pasipoti za wageni. Kampuni za safari zinakusanya kopi za pasipoti, unakuta ziko desktopu, ziko kwenye fleshi, ziko WhatsApp ya dereva. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, mwambie mteja ukweli huo kwa heshima na umsaidie kuzipanga. Na wewe usitoke na nakala ya kitu cha mteja kwenye laptopu yako, hata kwa nia njema.

La mwisho nalisema kwa uchungu maana nimelikuta mara nyingi mno. Kuna mafundi wanasajili domeni ya mteja kwa jina lao na barua pepe yao, pasiwedi zote wanakaa nazo, mteja akitaka kubadili fundi anaambiwa alipe kwanza au tovuti inazimwa. Huo ni utekaji. Domeni isajiliwe kwa jina la mteja siku ya kwanza, akaunti kuu iwe yake, wewe uwe na ruhusa ya kufanyia kazi tu.

Mwaka jana ofisi moja ya Moshi waliajiri kijana wao wa IT, mkataba wangu ukaisha. Niliwapelekea bahasha. Ndani kuna karatasi moja, domeni iko wapi na inaisha lini, hostingi, pasiwedi ya rauta, bakapu inafanyika usiku saa ngapi na inakwenda diski gani, mara ya mwisho nilijaribu kuirudisha tarehe fulani ikarudi. Kijana mpya akajaribu kuingia kila sehemu mbele yetu, zikakubali zote, akabadilisha pasiwedi nikiwa nimeangalia pembeni. Mama mwenye ofisi akasaini nakala yangu, akasema haya baba, asante, wasalimie nyumbani. Bahasha akaifungia kwenye sefu, mi nikawahi gari ya Arusha.