Chaji nukta: kosa la hesabu na maana ya jina

Ndugu yangu, nimelisoma swali lako kwa makini: huelewi kwa nini vigololi viwili vya chuma vyenye chaji huitwa chaji nukta ilhali vina unene, na hesabu yako ya chaji za mikrokulombu 2 na 3 (mikrokulombu ni sehemu moja ya milioni ya kulombu, kipimo cha chaji), zilizo umbali wa sentimita 30, imekupa kani ya nyutoni 0.00006 wakati kitabu kinasema 0.6.

Kosa la hesabu ni dogo: uliweka 30 badala ya mita 0.3. Zidisha 9 × 10⁹, namba isiyobadilika ya kanuni ya Coulomb, kwa chaji zote mbili zikiwa katika kulombu upate 0.054, kisha gawa kwa 0.09, ambayo ni 0.3 mara 0.3.

Kuhusu jina, nukta ni namna ya kurahisisha mambo. Kigololi chenye kipenyo cha milimita 4 kikiwa sentimita 30 kutoka kwa mwenzake, ukubwa wake hauna athari ya maana, hivyo tunapima kutoka kitovu hadi kitovu na kutumia kanuni ya kani kati ya chaji aliyoitangaza mwanafizikia Mfaransa Coulomb mwaka 1785. Ukivisogeza vikaribie kugusana, chaji huhama juu ya uso wa chuma, na hapo kanuni hiyo pekee haitoshi.

Mimi huchora nukta mbili na mishale ya kani kabla ya kuandika namba yoyote. Alama ya hasi ya chaji huitumia kujua mwelekeo tu, nayo tabia hiyo imeniokoa mara nyingi.

Ukitaka kuiona kani yenyewe, sugua kalamu ya plastiki kwenye nywele kavu, kisha isogeze karibu na vipande vidogo vya karatasi. Usijaribu kamwe kwa umeme wa soketi, na vifaa vya volti kubwa vitumie mbele ya mwalimu wa maabara.