Wimbi likigonga kitu: linasambaa au linatawanyika?

Mdogo wangu mmoja anayesoma fizikia kaniuliza hivi: ripoti yake kaipa kichwa "Uigizaji wa kusambaa kwa mionzi kwenye kompyuta", msimamizi kapiga mstari mwekundu chini ya karibu kila neno bila kueleza, sa kosa liko wapi?

Tuanze na kusambaa manake hapo ndo penyewe. Harufu ya pilau inasambaa nyumba nzima, haijagonga kitu, inaenea tu. Lakini fungua bomba uweke mgongo wa kijiko chini ya maji, utaona yanavoruka huku na huku mpaka yanakulowesha shati, hapo yametawanyika, na kilichoyatawanya ni kijiko. Wimbi la redio likikuta tone la mvua au kona ya kabati linafanya hivohivo. Sasa ona utamu wa Kiswahili: kijiko kinatawanya, maji yanatawanyika, kwaiyo mtawanyo ni kile kitendo cha kijiko na mtawanyiko ni hali ya maji baada ya hapo. Wengi wanayachanganya, mi kwenye ripoti ya sayansi ningeyatenganisha. Kuakisi nako ni kwa kioo, wimbi linarudi upande mmoja unaoujua.

Uigizaji ni wa jukwaani. Kompyuta inaiga, kwaiyo ni uigaji, na kuiga kwenyewe ni kazi nzito: kwa njia aliyoitoa mtaalamu wa hesabu Kane Yee mwaka 1966 unaikata nafasi yote ya chumba kuwa vijumba vidogo, kila kimoja upana wake kama sehemu ya kumi ya urefu wa wimbi. Waifai ya gigahezi 2.4 wimbi lake lina kama sentimita 12 na nusu, kijumba kiwe basi sentimita moja hivi, chumba cha mita 4 kwa 4 na kwenda juu mita 3 kinatoa vijumba milioni 48, na kila hatua ya muda kompyuta inapiga hesabu ya umeme na sumaku kwenye kila kimoja!

Mionzi sio kosa, ila msomaji atawaza eksirei. Antena inanururisha, yaani inarusha mawimbi nje, kitendo chake ni mnururisho, kinachosafiri ni mawimbi ya sumakuumeme, yaani ya umeme na sumaku kwa pamoja.

Andika: "Uigaji wa mtawanyo wa mawimbi ya sumakuumeme kwa kompyuta". Kwa, sio kwenye, manake kompyuta ni chombo tu, mawimbi yenyewe yanatawanywa chumbani.