Kuchomoa waya wa betri si kipimo cha alteneta

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina Toyota Noah, nabeba abiria Lindi na Mtwara. Tangu mwaka jana nimenunua betri mbili, na hii ya pili nayo asubuhi inagoma, mpaka wenzangu wanibusti. Usiku nikiwasha taa kubwa na kiyoyozi, ile taa nyekundu ya betri inawaka kwa mbali. Fundi wa hapa alichomoa waya wa betri gari ikiwa inanguruma, haikuzima. Akasema alteneta, ile inayochaji betri, ni nzima, ninunue betri kubwa zaidi. Ninunue?

JIBU: Marahaba. Usinunue. Ya tatu itazikwa palepale zilipozikwa mbili za kwanza.

Hilo la kuchomoa waya limenichosha, maana wiki haipiti sijalisikia. Injini ikinguruma tu inataka umeme kidogo: wa plagi, wa sindano za mafuta na wa pampu ya mafuta. Alteneta mgonjwa anaumudu huo. Kwa hiyo fundi wako alijua kwamba umeme upo. Kama unatosha, hakujua. Halafu betri ndiyo inayotuliza umeme wa gari. Ukiichomoa alteneta ikiwa inachaji, volti huruka ghafla kupita 40, na pasipo kinga hukaribia 100. Diodi (vipitisha umeme upande mmoja ndani ya alteneta), regulata (kidhibiti volti) na kontroli boksi (kompyuta ya gari) hazihimili kishindo hicho. Enzi za dainamo, iliyochaji betri kabla ya alteneta, gari halikuwa na kompyuta ya kuungua, ndiyo maana wazee walichomoa wakanusurika, na vijana wakarithi mchezo bila kurithi magari yale.

Taa kuwaka kwa mbali maana yake alteneta inafanya kazi kwa kuchechemea. Mimi nashuku diodi, kwa sababu diodi iliyokufa hupunguza chaji mchana na usiku ikavujisha umeme wa betri gari likiwa limelala. Dalili zako zote mbili hizo. Lakini tupime, tusipige ramli.

Asubuhi kabla ya kuwasha, weka mita ya volti kwenye betri: 12.6 imejaa, 12.2 ni nusu, chini ya 12 imekwisha. Washa gari, isome kati ya 13.8 na 14.5. Sasa washa taa kubwa, kiyoyozi na feni, kanyaga mafuta kidogo. Ikishuka kuelekea 12 na mkanda haulegei, hapo pana jambo. Geuza mita kwenye umeme wa AC, palepale kwenye betri: ikivuka 0.5, fungua alteneta ukague diodi. Kaboni zilizoisha, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zitaonekana humohumo.

Kabla hujaifungua, lakini, pima waya. Mizigo yote ikiwa imewashwa, shika ncha moja ya mita kwenye nguzo kubwa ya alteneta na nyingine kwenye chanya ya betri. Kisha bodi (ganda) ya alteneta na hasi ya betri. Upande wowote ukivuka kama volti 0.3, umeme unapotelea njiani. Sisi wa pwani upepo wa chumvi hautuachi: gari linalolala karibu na bahari waya wake wa eathi huota ungaunga wa kijani chini ya boliti, juu unang'aa. Nimeshaletewa alteneta iliyowaindiwa mara mbili kwa ugonjwa wa boliti moja.

Betri inayoishi nusu tumbo sahani zake hujaa salfeti, ukoko unaozuia chaji, ndiyo maana zinakufia mapema. Betri kubwa zaidi ni pipa jipya chini ya bomba lililoziba. Na atakayekushauri umwagie asidi ili "kuiamsha", mkatalie. Asidi hupandisha kipimo cha haidromita na kula sahani, chaji haiongezi. Maji yakipungua, weka maji ya betri yaliyokenekwa (distilled) basi.

Msimu wa korosho ndio mbaya zaidi. Kila mtu ana haraka ya kwenda Masasi na Newala, gari likigoma njiani anachomolewa waya na wa kwanza aliye na spana namba kumi. Yanapofika kwangu yamevutwa kwa kamba, kontroli boksi imeungua, mwenye gari ananiambia ni betri tu. Siku hizi kabla sijafungua boneti nauliza kwanza: nani alichomoa?