Fuwele imegeuka bluu na inapitisha umeme?

Ndugu, umeuliza mbona strontiamu titaneti yako (fuwele ya strontiamu, titani na oksijeni) imetoka kwenye tanuri la ombwe, yaani lisilo na hewa, ikiwa bluu na inapitisha umeme, tena ina dalili ya usumaku. Haijaharibika. Ikiwa safi ni kihami, yaani haipitishi umeme, na haina rangi. Joto kali likiing'oa atomu ya oksijeni, elektroni mbili hubaki nyuma. Zikizurura, umeme unapita. Zikinaswa kwenye titani, kila moja huwa kama kisumaku kidogo, ila visumaku vichache vilivyotawanyika ni dhaifu mno. Kwa hiyo, kwa dalili ya usumaku uliyopima, mimi ningeshuku kwanza kibano cha chuma cha kushikia fuwele! Chembe zake zinazobaki kwenye fuwele zimeshawadanganya wengi. Ukitaka kuirudisha fuwele, ipashe moto tena, safari hii kwenye oksijeni.