Bega la mama lisivutwe: yaliyonifika mimi

Assalamu alaykum. Ndugu yetu umeuliza kama mama yako, mwenye miaka 52, aendelee kuchuliwa bega linalomuuma miezi minne sasa na ambalo haliinuki. Kwa niliyoyaona kwangu, nakuomba kuvutwa huko kusite kwanza.

Mimi ni mkaazi wa Wete, na bega langu la kushoto lilianza kwa maumivu ya usiku. Kisha ikawa nikisimama kusali, kwenye takbira ya kuhirimia mkono wa kulia unafika sikioni, wa kushoto unakomea kifuani. Nilikwenda kwa mchuaji, akauvuta mkono mpaka nikalia, na usiku ule sikulala. Kituo kimoja cha afya kikanipa vidonge na kuniambia nipumzishe mkono. Nikaufunga kwa kitambaa wiki tatu, na bega likazidi kukakamaa.

Mtaalamu wa fiziotherapia niliyempata baadaye alinibananisha kiwiko ubavuni, nimekikunja, akajaribu kukisogeza kigasha kuelekea nje. Hakikwenda, si kwa nguvu zangu wala kwa zake. Akanifahamisha kuwa ingekuwa ni kano tu zilizoumia, mara nyingi yeye angeweza kuusogeza hata kama mimi nashindwa. Lakini hapa kifuko kinachozunguka kiungo ndicho kilichovimba, kikanywea na kukaza. Maradhi haya huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari zaidi ya wengine. Akanituma nikapime sukari, na kweli ilikuwa juu bila ya mimi kujua.

Mazoezi yenyewe ni madogo. Kwanza kitambaa cha maji ya moto begani. Kisha nainama, mkono mzima nimeuegemeza mezani, ule mbovu nauachia uning'inie na kuubembeza taratibu. Baada ya hapo vidole vinapanda ukutani kimoja kimoja, na kila Ijumaa nikitia alama ya mkaa pale vilipofika. Mwezi wa kwanza alama zilikaribiana hata upana wa kidole haukutimia, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa. Kipimo alichonipa ni hiki: maumivu yakitulia muda mfupi baada ya zoezi, endelea, yakibaki mpaka usiku, punguza.

Bega la namna hii huchukua mwaka mmoja hadi mitatu kulegea. Langu lilichukua miezi 14 ndipo nilipoweza kukaa tena juu ya mbuzi nikakuna nazi bila ya kusita. Daktari akitaka kumchoma mama sindano ya kupunguza uvimbe begani, na mama akawa na kisukari, lazima amwambie daktari, kwa sababu dawa ile hupandisha sukari kwa siku kadhaa.

Kama aliwahi kuanguka, ana homa, au mkono umekufa ganzi, asianze zoezi lolote kabla ya kuonwa na daktari; na maumivu ya bega yakija pamoja na kubanwa kifua na jasho, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo. Kupakwa mafuta ya nazi na kukandwa kwa upole hakuna ubaya, maadamu hakuna anayeuvuta mkono.