Sekunde 38: kwa wadogo zangu mnaoanza kuandika siasa za Marekani

Ijumaa nilikuwa mhariri wa zamu ya usiku. Zikanijia skripti tatu kuhusu mpasuko wa kisiasa Marekani, kutoka kwa vijana watatu ambao hata meza moja hawakai. Zote tatu zimefungua na jina la Trump katika sentensi ya kwanza. Zote zimelaumu mitandao ya kijamii katika aya ya pili. Mbili zimemalizia kwa kusema Wamarekani siku hizi wana ukabila kama wetu. Nilizirudisha zote. Mmoja wenu alinuna, akaenda kunywa chai peke yake kule kibandani.

Nawapenda, na nimechoka kurudisha kopi ileile tangu 2016. Kwa hiyo leo naandika mara moja, mlisome hili kabla uchaguzi wa bunge wa katikati ya muhula wa rais, Novemba 2026, haujatukuta palepale.

1. Usianzie 2016.

Trump aliikuta nyumba imeshapasuka. Kazi yako ni kumwonyesha msikilizaji ufa ulikoanzia. Mwaka 1950 jumuiya ya wanasayansi wa siasa wa Marekani ilitoa ripoti iliyolalamika kwamba vyama viwili vikuu, Democratic na Republican, vinafanana mno, mpiga kura haoni tofauti ya kuchagua. Vilifanana kwa sababu kila chama kilikuwa mchanganyiko. Ndani ya Democratic walikaa pamoja wazungu wa Kusini waliotetea ubaguzi wa rangi, wafanyakazi wa viwandani wa Kaskazini, Wakatoliki, na Weusi wa mijini. Ndani ya Republican walikuwamo waliberali wa New York na wahafidhina wa magharibi ya kati.

Kisha ikaja Sheria ya Haki za Kiraia, iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi, ikatiwa saini Julai 2, 1964 na Rais Lyndon Johnson, Mdemokrati wa Texas. Hapa wengi wenu mnajikwaa: asilimia ya Warepublikan walioiunga mkono bungeni ilikuwa kubwa kuliko ya Wademokrati. Waliokesha wakiizuia katika Seneti walikuwa hasa Wademokrati wa Kusini. Mwaka huohuo mgombea urais wa Republican, Barry Goldwater, ambaye aliipinga, alibwagwa vibaya sana, lakini akazoa majimbo matano ya Kusini pamoja na Arizona kwao. Tangu hapo wazungu wa Kusini wakaanza kuhama chama, taratibu, baba akibaki na mtoto akiondoka. Ilichukua hadi 1994 Warepublikan kupata wingi wa viti vya Kusini katika Baraza la Wawakilishi, na uchaguzi huo ndio uliowapa Baraza zima kwa mara ya kwanza baada ya miaka 40.

Uhamaji huo ndio moyo wa stori. Zamani chama, kanisa, rangi, kiwango cha elimu na mahali mtu anapoishi vilikuwa vinapishana. Mlibishana kwa ajili ya kura Jumanne ya uchaguzi, Jumapili mkakaa benchi moja, na kazini mkawa wanachama wa chama kimoja cha wafanyakazi. Sasa vyote vimeegemea upande mmoja. Ukiambiwa mtu ana shahada, anaishi katikati ya jiji na haendi kanisani, unaweza kukisia kura yake, na mara nyingi utapatia. Mtu wa namna hiyo akishindwa uchaguzi anaona ameshindwa yeye mzima, na imani yake, na mtaa wake.

2. Tenganisha kutokukubaliana na kuchukiana.

Kuna swali moja la utafiti ambalo msikilizaji wetu hahitaji kuelezwa mara mbili, kwa sababu ni swali la posa. Mwaka 1960 wazazi wa Kimarekani waliulizwa kama wangechukia mtoto wao akioa au akiolewa na mtu wa chama kingine. Waliosema ndiyo walikuwa asilimia 5 ya Warepublikan na asilimia 4 ya Wademokrati. Lilipoulizwa swali kama hilo mwaka 2010, ikawa asilimia 49 na asilimia 33. Weka hiyo juu kabisa ya stori yako, halafu uone kama bado unahitaji kivumishi.

Na wanaochukiana hivyo hawajuani. Utafiti uliochapishwa 2018 ulikuta watu wakidhani asilimia 38 ya Warepublikan wana kipato cha zaidi ya dola 250,000 kwa mwaka. Ukweli ni asilimia 2. Walidhani asilimia 32 ya Wademokrati ni mashoga, wasagaji na wengine wa kundi hilo. Ukweli ni 6. Mtu anamchukia jirani aliyemchora kichwani.

Nilisoma takwimu hizo nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe niliwahi kushika kalamu ya kuchorea.

3. Usikate sauti ya mtu hadi afanane na stori uliyokuja nayo.

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Oktoba 2016 nilitumwa Dayton, Ohio, na chombo nilichokuwa nikifanyia kazi wakati huo. Mwenyeji wangu alikuwa mama mmoja wa Bukavu aliyeishi miaka mingi kambini Nyarugusu, kule Kigoma, kabla ya kupelekwa Marekani. Alifanya kazi ghala usiku, akilala asubuhi, na mchana alinizungusha kwenye gari lake. Nilimwambia natafuta mpiga kura wa Trump. Akacheka, akaniambia sina haja ya petroli, yuko ng'ambo ya ua.

Jirani yake alikuwa mzungu wa miaka sitini na kitu. Bango la Trump lilikuwa kwenye nyasi, limeinama kwa upepo. Baiskeli ya mtoto wa yule mama ilikuwa imeegeshwa kibarazani kwake, mnyororo umefunguliwa, anaitengeneza. Tulizungumza dakika 41. Alikuwa amefanya kazi miaka 27 kwenye kiwanda cha magari cha Moraine, hapo kando ya mji, kilichofungwa Desemba 23, 2008, siku mbili kabla ya Krismasi. Alimpigia Obama kura 2008. Akampigia tena 2012. Alisema Obama aliokoa kampuni za magari, ila chao kilikuwa kimeshafungwa, na kazi aliyoipata baadaye ilimlipa karibu nusu ya mshahara wa zamani. Alisema binti yake ana shahada, anaishi Chicago, na hakuja nyumbani Sikukuu ya Shukrani iliyopita kwa sababu ya mambo ya siasa. Alipofika hapo aliinuka akaenda kukaza boliti ya baiskeli ambayo ilikuwa imeshakazwa.

Karibu na mwisho nilimuuliza kuhusu wahamiaji. Alinyoosha kikombe chake cha kahawa kuelekea nyumba ya yule mama, akasema: "Sisemi hawa. Hawa ni watu wangu." Halafu akaendelea: "Lakini wengine wanakuja wanachukua kila kitu, na hakuna anayetuuliza sisi."

Usiku nikiwa hotelini mhariri alitaka klipu ya mpiga kura wa Trump, isizidi sekunde 40, kabla ya buletini ya asubuhi. Nilikuwa nimechoka, lakini uchovu si sababu. Stori nilikuwa nimeshaiandika ndani ya ndege. Ilimhitaji mzungu mwenye hasira asiyependa wageni. Nikatoa Obama wa 2008 na Obama wa 2012. Nikatoa Moraine, nikaacha tu "alipoteza kazi" kwenye skripti yangu. Nikamtoa binti. Nikaweka mkasi baada ya "watu wangu" na kuanza na "wengine wanakuja". Sekunde 38. Kila neno lilikuwa lake kweli, na ndiyo maana hakuna mhariri aliyeuliza swali.

Kilichotokea baadaye sikukifikiria hata kidogo. Yule mama alijua saa ya matangazo yetu. Alimwita jirani yake jikoni kwake, akamkaribisha chai, akafungua simu ili amtafsirie: leo unasikika Afrika nzima. Alianza kutafsiri akiwa na furaha. Alipofika kwenye klipu, chini ya Kiswahili changu sauti ya mzee ilisikika, kwa hiyo naye alijisikia mwenyewe, akajua nilipoanzia.

Yule mama alinipigia baada ya siku mbili. Sijasahau alivyosema, kwa Kiswahili chake cha Bukavu: "Dada, ule muzee anauliza, ile mambo ya Obama iko wapi? Na ile ya kusema sisi ni batu bake, iko wapi?" Nilianza kumweleza habari za muda wa hewani. Akanisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kisha akasema watoto wanamsalimia mzee na anaitika, ila haji tena.

Theluji ilipoanguka Desemba, mzee alikuwa na desturi ya kuisafisha njia yake na kuunganisha hadi mlangoni kwa yule mama, ili akirudi alfajiri kutoka ghala asiteleze. Mwaka ule alisafisha hadi kwenye mpaka wa uwanja wake, akaegesha koleo, akaingia ndani. Mama aliniambia hilo bila kunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Niliomba turushe mazungumzo marefu zaidi. Nikajibiwa kwamba hakuna kosa la kusahihisha. Nilimwandikia mzee barua ya kurasa mbili, nikamwomba yule mama aipeleke kwa mkono. Jibu lilirudi kwa mdomo: "Mwambie nimeipata."

Na mji huo tuliouweka kwenye klipu moja? Kaunti yake ya Montgomery ilimchagua Obama mara mbili, ikaenda kwa Trump 2016 kwa tofauti isiyofika asilimia moja, ikamchagua Biden 2020. Mtu wa kuwaeleza Wamarekani kwa nini mji unageuka hivyo alikuwa amekaa mbele yangu na kikombe cha kahawa. Niliondoka na kipande chake kilichofanana na kila kitu ambacho wasikilizaji walikuwa wameshakisikia. Mnapoandika kwamba vyombo vya habari vimechangia mpasuko, jueni vinachangia namna hii, kwa mkasi mdogo wa saa tano usiku, na watu wenye nia njema ndio wanaoushika.

4. Usiibebeshe simu mzigo wote.

Wachumi watatu walipima mwaka 2017 wakakuta kwamba kati ya 1996 na 2012 mpasuko uliongezeka zaidi kwa wazee wa miaka 75 na kuendelea kuliko kwa vijana, na wazee hao ndio wasiotumia sana mitandao. Rudi nyuma kwenye redio na televisheni: kanuni iliyovitaka vituo vitendee haki pande zote ilifutwa 1987, mtangazaji wa redio wa kihafidhina Rush Limbaugh akaanza kusikika nchi nzima 1988, televisheni za habari za Fox News na MSNBC zikafunguliwa mwaka mmoja, 1996. Mitandao ilikuta moto unawaka.

5. Ramani nyekundu na buluu inadanganya macho.

Rangi zenyewe, nyekundu kwa Republican na buluu kwa Democratic, zilitulia tu katika uchaguzi wa 2000, ule ulioamuliwa kwa kura 537 za Florida. Mwaka 1980 televisheni ya NBC ilimpaka Reagan, Mrepublikan, buluu. Na mkiandika "California ya Wademokrati", kumbukeni kwamba mwaka 2020 Trump alipata kura nyingi zaidi California kuliko Texas, zaidi ya milioni 6. Hao watu wapo, wanakwenda sokoni, wana majirani.

Ukilaumu uchoraji wa mipaka ya majimbo ya uchaguzi, eleza pia kwa nini Seneti imepasuka vilevile wakati mipaka yake haichorwi upya. Tazama pia kura za mchujo, ambako wanaojitokeza kuchagua wagombea wa chama ni wachache.

6. Neno "kabila" liacheni kwanza.

Najua linavyovutia. Lakini tazameni Kenya: mwaka 2007 Ruto alikuwa upande wa Odinga dhidi ya Kibaki, mwaka 2013 akawa na Uhuru dhidi ya Odinga, na Machi 2018 Uhuru na Odinga wakapeana mikono. Kwetu miungano inavunjwa na kufungwa upya kila uchaguzi, kwa hiyo adui wa jana ana njia ya kurudi. Marekani kuna vyama viwili tu, hakuna cha tatu cha kuungana nacho, na kuvuka ni kuacha kanisa, marafiki na mtaa kwa pamoja. Ni ugonjwa mwingine, unahitaji maelezo yake.

7. Mkikosa nafasi ya historia, onyesheni mpasuko kwa kura za Seneti za kuwaidhinisha majaji wa Mahakama ya Juu: Scalia 98 kwa 0 mwaka 1986, Ginsburg 96 kwa 3 mwaka 1993, Kavanaugh 50 kwa 48 mwaka 2018.

Sauti nzima ya Dayton bado ninayo, dakika zote 41, na nimeiweka kwenye kompyuta ya studio ndogo. Jumatatu saa nne asubuhi, kabla ya kikao cha mipango, njooni na hedifoni zenu. Kila mmoja ataisikiliza yote, kisha atakata sekunde 38 zake, na tutazicheza zote mbele ya wote. Aliyenuna Ijumaa atakata wa kwanza. Chai na chapati ni juu yangu.